Maana Niliyompa Anastazia

Kila Jumapili jioni huwa nakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, hapa hapa Sinza, nikipiga viatu vya wanangu rangi. Rangi nyeusi, ile ya kopo la bati la duara. Nikifungua tu kifuniko, kabla hata brashi haijagusa kiatu, harufu inanipanda puani na kunirudisha darasa la tano, dawati la tatu upande wa dirisha, na pembeni yangu amekaa Anastazia. Kuna watu harufu hiyo inawakumbusha jeshi, wengine sikukuu. Mie inanikumbusha jambo ambalo hata mume wangu sijawahi kumwambia. Leo nawaambia nyie.

Anastazia alinukia rangi ya viatu mwili mzima, na si kwa sababu viatu vyake viling'aa. Vyake vilikuwa raba, tena zimekatika visigino. Baba yake alikuwa mchongaji wa vinyago kule Mwenge, na kinyago cha mpingo kikishapigwa msasa hupakwa rangi ya viatu, kisha husuguliwa kwa kitambaa mpaka king'ae kama kimetoka majini. Kazi hiyo ya kusugua ilikuwa ya Anastazia, kila siku akitoka shule. Rangi ilimwingia kwenye kucha, kwenye mistari ya viganja, mpaka kwenye kola ya shati. Hakuna sabuni iliyoitoa.

Shule yetu ilikuwa ndogo, vyumba saba na uwanja wa mchanga, na ukuta wa nyuma tulichangia na baa. Asubuhi sie tukiimba wimbo wa taifa, wahudumu upande wa pili walikuwa wanafagia vizibo vya soda. Lakini ilikuwa shule ya Kiingereza, na wazazi wetu walilitamka neno hilo taratibu, kama mtu anayetaja kwamba amekwenda Makka.

Ukishavuka geti, Kiswahili kilibaki nje. Aliyekamatwa akikisema alivishwa shingoni kibao cha mbao chenye kamba ya katani, kimeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba mvaaji ni mjinga. Ungekaa nacho mpaka umsikie mwenzio akiteleza, ndipo umvishe yeye. Aliyekutwa nacho kengele ya mwisho ikilia alikula fimbo. Kwa hiyo tulijifunza mapema kukaa karibu na rafiki tukimsikiliza kwa makini, tukiomba ateleze.

Kiingereza alitufundisha Madam Filomena, mwanamke mrefu mwenye sauti kama ya mtangazaji wa redio. Kila Ijumaa aliandika nahau tano ubaoni. "Lugha hii ina kona," alikuwa akituambia. "Anayekwenda moja kwa moja anagonga ukuta." Mie kona hizo nilizipenda kuliko chakula. Baba yangu alikuwa karani kwenye ofisi ya mabasi pale Ubungo, na abiria walikuwa wakisahau magazeti na vitabu kwenye viti, naye akinikusanyia. Nilijua kwamba "raining cats and dogs" ni mvua kubwa tu, hakuna paka wala mbwa anayedondoka. Nilijua tangu darasa la nne kwamba "kick the bucket" ni kufa, kama sie tunavyosema mtu kaipa dunia kisogo, na Madam alikuwa ametuonya kwamba nahau hiyo ina utani ndani yake na haisemwi mbele ya mfiwa. Kwenye mashindano ya nahau darasani hakuna aliyenifikia.

Anastazia alikuja katikati ya muhula, ametoka Newala kwa bibi yake. Mzungu mmoja mtu mzima, mteja wa siku nyingi wa baba yake, ndiye aliyeahidi kumsomesha. Alikuwa hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Madam alimshika bega akamleta kwenye dawati langu.

"Rehema, huyu ni wako. Mfundishe."

Nilifurahi, siwadanganyi. Niliona nimepewa cheo. Tatizo ni kwamba mtu asiyejua lugha huwezi kumfundisha lugha hiyo kwa lugha hiyo hiyo, basi nilikuwa nikimnong'oneza kwa Kiswahili, mkono mdomoni. Alikuwa na daftari dogo la kurasa za mistari, na kila nahau aliichorea picha. Ile ya paka na mbwa alichora paka wamevaa makoti ya mvua. Mkono wake ulikuwa wa baba yake, mistari michache tu na kitu kinaonekana. Tulicheka mpaka tukaziba midomo.

Wiki ya tatu, Ijumaa, aliniuliza maana ya "a piece of cake." Nikamnong'oneza kwamba ni jambo rahisi, kama kunywa maji. Kiranja aliyekaa nyuma yetu akanisikia. Kibao kikaja shingoni mwangu, na siku hiyo, sijui kwa nini, hakuna aliyeteleza. Kengele ikalia.

Madam mwenyewe ndiye aliyeshika fimbo. Nikamwambia, "Madam, nilikuwa namfundisha Anastazia, uliniambia."

"In English, Rehema," akasema, akaongeza fimbo moja kwa Kiswahili hicho nilichojitetea nacho.

Darasa zima lilitazama. Anastazia alikuwa analia kwa ajili yangu, kamasi zinamtiririka, na kilio kile kiliniuma kuliko fimbo. Ningeweza kumchukia Madam. Lakini Madam alikuwa mbali na alikuwa juu. Anastazia alikuwa karibu.

Jumatatu iliyofuata nilianza kumfundisha vibaya.

Nilianza na kidogo. Nilimwambia "under the weather" ni kuwa na raha, kupigwa na upepo mzuri, wakati maana yake ni kujisikia mgonjwa. Mwalimu wa michezo alipomuuliza hali, akajibu kwa tabasamu kubwa kwamba yuko under the weather. Mwalimu akamwambia akae kivulini apumzike. Akarudi kuniambia mwalimu yule ana roho nzuri sana. Wenzangu wawili niliowaambia siri walicheka mpaka wakakaa chini, na Anastazia naye akacheka nasi, kwa sababu alipenda tukicheka.

Basi ndivyo tulivyokwenda. Kila nahau niliigeuza, yeye akaiandika na kuichora.

Kisha baba yake akalazwa. Kifua. Vumbi la mpingo huingia mapafuni na kukaa, na yeye alikuwa amelimeza tangu ujana. Shuleni tulimwombea kila asubuhi mstarini, na mwalimu mkuu alikuwa akimuuliza Anastazia mbele ya wote, "Baba anaendeleaje?" naye akijibu neno moja moja alilokariri. Baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa, aliniambia daktari amesema kesho baba anarudi nyumbani.

"Rehema, mtu akipona wanasemaje? Sitaki ile ya kila mtu. Nataka ile ya kona. Jumatatu nitaisema mstarini."

Nilifikiri kwa muda wa kumeza mate.

"Kick the bucket," nikasema.

"Kwa nini ndoo?"

Hilo swali sikulitarajia, lakini ulimi hauna mfupa. Nikamwambia: mgonjwa akiwa hoi huletewa maji kwenye ndoo akaogeshwa kitandani, si ndiyo? Basi siku akipona anaipiga ndoo teke, anasimama, anakwenda kuoga mwenyewe. Macho yake yaling'aa. Akafungua daftari akachora mtu mwembamba mwenye sweta, mguu juu, ndoo inaruka, na meno yote nje.

Jumatatu mwalimu mkuu akauliza. Anastazia akatoka mstarini bila kuitwa, akasimama wima, na kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake akasema kwamba Jumamosi baba yake had kicked the bucket. Hata kitenzi alikigeuza sawasawa. Akatabasamu.

Mwalimu mkuu alikunja uso kwanza, maana hilo si neno la kumwambia mtu msibani. Kisha uso ukalegea kwa huruma. Mtoto hajui lugha ya heshima, ametumia alilonalo, na tabasamu lile ni la mtu ambaye bado hajaamini. Akashuka ngazi akamkumbatia. Walimu wa kike wakaanza kujifuta macho.

Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka pale. Neno moja lingetosha. Lakini ningelisema, ningeulizwa nimelijuaje, na mie nilikuwa bado nasikia ile fimbo ya ziada.

Mchana ikakodiwa gari, wakaenda mwalimu mkuu, Madam Filomena na walimu wengine wawili, kanga viunoni, na kilo za sukari na unga kwenye mfuko. Mie nilichukuliwa kwa kuwa nakaa naye dawati moja. Walimu walikuwa wamezungumza na Anastazia kwa Kiingereza ofisini, naye aliitikia "Yes, Madam" kwa kila kitu. Alichoelewa ni kimoja tu, kwamba shule nzima inakwenda kumpongeza baba yake. Ndani ya gari alinishika mkono akaninong'oneza kwa Kiswahili, japo ilikuwa hatari, "Baba atafurahi. Hajawahi kutembelewa na walimu."

Akina Anastazia walikuwa wamepanga chumba nyuma ya Mwenge, nyumba ya vyumba sita yenye uwanja wa ndani. Mama yake alikuwa anaanika nguo. Mwalimu mkuu akamwendea moja kwa moja, akamkumbatia.

"Pole sana, mama. Kazi ya Mungu haina makosa."

"Asante, mwalimu. Tunamshukuru Mungu. Ametoka Jumamosi."

"Tumesikia. Mazishi ni lini?"

Mama akarudi nyuma hatua moja. "Mazishi ya nani?"

"Ya baba Anastazia."

Kwenye kona, kwenye kigoda, alikuwa amekaa mwanamume mwembamba mwenye sweta, kipande cha mpingo mkono mmoja na msasa mkono wa pili. Alikohoa kwanza. Kisha akasema polepole, "Baba Anastazia ni mimi, mwalimu."

Nimewahi kusimulia kipande hicho kama kichekesho, nikiwa nimeficha majina, na watu wamecheka. Siku ile hakuna aliyecheka. Wapangaji walikuwa wametoka vyumbani wanatazama zile kanga na ule mfuko wa sukari. Mama akamgeukia mwanawe.

"Umekwenda kusema baba yako amekufa? Ametoka hospitali juzi, unamletea uchuro mlangoni?" Akampiga kofi, la pili, la tatu, mbele ya wote.

"Nilisema amepona, mama. Nilisema kwa Kiingereza."

Akatoa daftari kwenye begi huku analia. Madam Filomena akalifungua. Alisoma ukurasa ule, akasoma na uliotangulia, na mwingine. Paka wenye makoti, kisha raha chini ya upepo, kisha ndoo.

"Nani alikufundisha hivi?"

Anastazia akanitazama. Nikawahi kusema, "Mie nilimwambia ni kufa, Madam. Labda alisikia vibaya."

Hapo yule baba akainua kichwa. "Huyu ndiye Rehema?"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nyumba hii kila jioni ni Rehema kasema hivi, Rehema kanifundisha vile. Nilikuwa na wasiwasi ataishije na watoto wa mjini. Asante kwa kumvumilia." Akanipa kile alichokuwa anakipiga msasa, kitana kidogo cha mpingo, meno yake yamechongwa sawasawa. Nikakipokea kwa mikono miwili kama nilivyofunzwa nyumbani.

Anastazia alimtazama baba yake, akanitazama mie, kisha akamtazama tena baba yake.

"Ni kweli, Madam," akasema. "Nilisikia vibaya."

Kitana kile nilikitupa kwenye mtaro kabla sijafika kwetu.

Kwa kuwaaibisha walimu, Anastazia alivaa kibao wiki nzima, ateleze mwingine asiteleze. Watoto wakamwita Ndoo. Nyie mnajua watoto walivyo. Lakini msije mkadhani lilianza lenyewe. Asubuhi ya kwanza alipoingia darasani niligonga mguu wa dawati kwa ncha ya kiatu, ko. Wakaelewa, wakagonga wote. Tangu siku hiyo hakuingia mlango wowote bila sauti ile. Dawati letu aliendelea kukaa, mwisho kabisa wa benchi, na hakuniuliza tena maana ya chochote.

Mvua za masika zilipokolea, asubuhi moja tukiwa kwenye hesabu, tulimwona dirishani anaingia getini. Hakuwa na sare. Alikuwa amejifunga kanga ya mama yake, tope mpaka magotini. Alikwenda mpaka barazani alipokuwa mwalimu wa zamu.

"Baba amefariki," akasema. "Mama kasema niwaambie."

"In English," akasema mwalimu, bila kuinua macho kwenye daftari lake.

Anastazia akafungua mdomo. Neno la kawaida hakuwa nalo, au lilimpotea. La kona alikuwa nalo moja tu, na kwa mara ya kwanza lilikuwa sahihi. Hakulitoa. Akarudia kwa Kiswahili, polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia, "Mwalimu, baba yangu amefariki leo alfajiri."

"Tena?" akasema mwalimu.

Madirisha yote yakaanza kugongwa. Ko, ko, ko. Mtu mmoja darasa la sita akapiga teke ndoo ya maji ya kufutia ubao, ikabingirika barazani, na kicheko kikatanda shule nzima. Mie nilicheka? Nilicheka. Mwalimu wa zamu akachukua kibao kwenye msumari, akamvisha.

Alisimama nacho kidogo. Hakulia, hakukivua. Akageuka, akatoka getini na kibao chake shingoni, na mlinzi hakumzuia.

Siku tatu baadaye mlinzi huyo ndiye aliyetuambia. Alipita nyuma ya Mwenge akakuta matanga. Baba amekwisha kuzikwa, na ndugu waliotoka kusini wamekaa mkekani wakimtazama yule mtoto kwa jicho baya, wakisema ndiye aliyemtangulizia kifo kwa ulimi wake. Hakuna mwalimu aliyekuwa amekwenda. Walipoamua kwenda, wapangaji wakasema mama na watoto wamesafiri. Sikumwona tena.

Bibi yangu alikuwa akisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilingoja niingie. Usiku nilisikiliza kama kuna miguu inayokuja mlangoni, mchana niliogopa mwalimu mkuu akiniita. Haikutokea. Mwaka ule nilikwenda kwenye mashindano ya Kiingereza ya shule za wilaya nikashika nafasi ya pili, na baba yangu akaninunulia saa.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na ujauzito wa pili, nilikutana na Madam Filomena kwenye foleni ya duka la dawa. Amezeeka, mgongo umepinda, sauti ni ile ile. Tuliulizana hali, na sijui nini kilinisukuma, nikamwambia. Nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Mtoto asiyejua lugha angepata wapi maelezo mazuri kama yale ya mgonjwa na ndoo? Yale yalikuwa ya mtu mwenye akili. Lakini ningekufukuza wewe, nani angekwenda kwenye mashindano?" Akanigusa tumbo. "Jifungue salama, mama." Foleni ikasogea.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba Anastazia alisema "nilisikia vibaya" kwa woga, au kwa kuwa mpaka dakika ile alikuwa bado ananiamini. Ilinifariji kumwona mjinga. Kisha mwanangu wa kike akaanza shule, na kila jioni akawa ananihadithia habari za rafiki yake mmoja, walivyocheza, walivyogawana chakula. Nilipokwenda kwenye kikao cha wazazi mwalimu akaniambia huyo mtoto ndiye anayemtesa, na kwamba mwanangu hula peke yake. Nilipomuuliza kwa nini alinificha, akaniambia, "Ulikuwa unafurahi nikikuhadithia, mama."

Hapo ndipo nilipoelewa kile Anastazia alichokuwa anakitazama uani siku ile, uso mmoja baada ya mwingine. Alikuwa ameshajua. Alijua mara tu Madam aliposoma ukurasa ule, kwa sababu hakuwa mjinga hata siku moja. Alikuwa anachagua. Angeweza kujinusuru na kofi, na kibao, na jina la Ndoo, kwa kutaja jina langu tu. Lakini baba yake alikuwa ametoka hospitali juzi, amekaa kwenye kigoda anapumua kwa shida, na kwa mara ya kwanza amemwona yule mtoto wa mjini anayempenda mwanawe. Akamwachia baba yake imani hiyo.

Baba alikaa nayo wiki tano. Alikufa akijua mwanawe ana rafiki shuleni, na kwamba rafiki huyo ni mie.